Mama Lishe Kaambiwa Azime Mkaa. Jiko Anakopeshwa na Nani?

Wiki ya tatu ya semesta hii lilibandikwa tangazo kwenye ubao wa kafteria, pale pale yanapokaaga matangazo ya vitambulisho vilivyopotea. Wengi tulilipita tu, maana siku hiyo kila mtu alikuwa anaulizia kama bumu limeingia. Tangazo linasema kuanzia semesta ijayo hakuna mfanyabiashara wa chakula ndani ya eneo la chuo atakayeruhusiwa kupika kwa mkaa wala kuni. Asiyekuwa na gesi au umeme atapisha wengine. Mistari sita, sahihi, muhuri. Basi.

Sasa serikali yetu ya wanafunzi imeombwa maoni, na ninavyosikia kwenye vimbweta wawakilishi wengi wanataka kupitisha fasta fasta. Hoja yao ni kwamba nishati safi nani anaipinga? Mimi siipingi. Nimekula wali wa pale nyuma ya hosteli miaka mitatu, nimeona macho ya yule mama yanavyokuwa mekundu kufika saa saba mchana. Ninachokipinga ni kuamini kwamba mtu akishapewa amri na tarehe, hela itajitokeza yenyewe.

Tuanze na mahali ambapo wote tunakubaliana. Takwimu za Serikali zinasema nchi inapoteza hekta 469,420 za misitu kila mwaka, na kupikia kuni na mkaa ni sehemu kubwa ya sababu. Takwimu hizo hizo zinataja vifo takriban 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa majikoni. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Siku chache baadaye Rais Samia alikuwa Paris, mwenyekiti mwenza wa mkutano wa nishati safi ya kupikia kwa Afrika, na zikatolewa ahadi za dola bilioni 2.2. Na kabla ya hapo taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilikuwa zimeshaelekezwa ziachane na kuni na mkaa kufikia Januari 2024. Kwa hiyo chuo chetu hakijatunga jambo, kinatekeleza. Hilo tusiwalaumu.

Lakini hebu tushuke kutoka Paris mpaka nyuma ya hosteli.

Jumamosi moja nilienda kwa mama na daftari. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba huku anaosha mchele, akaniuliza, "Mwalimu, leo unanisahihisha mimi?" (Sisi wa ualimu hatuna jina lingine hapa chuoni, hata kabla hatujahitimu.) Nikamwambia nataka tupige hesabu ya jiko. Akacheka, akasema hesabu hiyo anaipiga kila usiku na haijawahi kutoka.

Mkaa anatumia wa 12,000 kwa siku. Anapika siku 26 kwa mwezi, Jumapili nne anapumzika. Hiyo ni 312,000 kwa mwezi inayoishia kuwa majivu. Kuna mwenzake upande wa geti kubwa ambaye tayari anatumia gesi na anauza sahani karibu idadi ile ile. Huyo mtungi wa kilo 38 unamfikisha siku 13 za kazi, na kuujaza ni 138,000. Kwa mwezi ni mitungi miwili, yaani 276,000. Kwa hiyo mama akihamia gesi anaokoa 36,000 kwa mwezi.

Kiukweli nilishtuka. Nilidhani tofauti ingekuwa kubwa zaidi, kwa sababu kwenye semina tunaambiwaga gesi ni nafuu mno. Nafuu ipo, ila ni nyembamba. Na unyembamba huo ndio unaoamua kila kitu kinachofuata.

Ili aanze anahitaji mtungi mkubwa wenye gesi, jiko la chuma la pleti mbili lenye nguvu ya kubeba sufuria la wali wa watu sitini, regulata na mpira. Duka alilouliza lilimwambia 650,000. Hana. Sisi tunaokula kwake tunajua sahani ni 2,000, na tunajua vilevile kwamba nusu yetu tunaandikwa kwenye lile daftari lake la bluu mpaka bumu litoke. Usijifanye hujui, na wewe umo.

Akaenda kuulizia mkopo. Taasisi moja ya mikopo midogo ilimpa masharti: riba asilimia 3.5 kwa mwezi ikipigwa kwenye deni lote la mwanzo, kulipa miezi 12. Tulikaa tukahesabu pamoja. Deni lenyewe kwa mwezi ni kama 54,000, riba 22,750, jumla karibu 77,000. Anachookoa ni 36,000. Kila mwezi, kwa mwaka mzima, itabidi atoe 41,000 kutoka kwenye faida yake ili aruhusiwe kuokoa mazingira. Na hawa ndio wastaarabu. Wale wa kausha damu, wanaokuja asubuhi na jioni na wakati mwingine wanaondoka na godoro, sijawaweka kabisa kwenye hesabu.

Kisha nikageuza swali. Je, kama mkopo ule ule wa 650,000 ungekuwa wa miezi 24 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka? Deni kwa mwezi ni 27,083. Riba, hata tukiipiga kwenye deni lote la mwanzo, ni 5,417. Jumla 32,500. Anaokoa 36,000, analipa 32,500, anabakiwa na 3,500 na mapafu yake. Baada ya miaka miwili jiko ni lake na ile 36,000 yote ni yake.

Jiko ni lile lile, gesi ile ile, mama yule yule. Kilichobadilika ni masharti ya hela tu. Ndiyo maana nasema mjadala wetu wa tabianchi hapa chuoni umekaa vibaya: tunajadili nia ya mtu wakati ishu ni muda wa mkopo na riba.

Mtu ataniambia riba ya asilimia 10 kwa mama lishe ni ndoto za mwanafunzi. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitangaza shilingi trilioni 1 za kukopesha benki kwa riba ya asilimia 3, kwa sharti kwamba benki hizo ziwakopeshe watu wa kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Yaani chombo kipo, kimeshawahi kuundwa, kwa sekta ambayo benki zilikuwa zinaikimbia kwa sababu zile zile: haina dhamana, ina hatari, mikopo yake ni midogo na inasumbua kuifuatilia. Kama iliwezekana kwa shamba linalotegemea mvua, sioni kwa nini isiwezekane kwa sufuria la wali ambalo wateja wake wanapanga foleni kila siku saa sita na nusu.

Na hela ya kijani nchini ipo. Mwaka 2023 Benki ya CRDB ilitoa hatifungani ya kijani, Kijani Bond. Walitafuta shilingi bilioni 40, wakapata zaidi ya bilioni 171. Watu waliweka hela zao mara nne ya kilichoombwa. Mwaka uliofuata mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, ikaingia sokoni na hatifungani ya kijani ya bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji, ya miaka 10, riba asilimia 13.5. Haya ni mambo mazuri na nayasema kwa fahari. Ila hebu angalia ukubwa. Hela inayotafutwa kwa mabilioni inakwenda kwenye miradi ya mabilioni. Kuchukua bilioni moja na kuigawa kwa mama lishe 1,500, kila mmoja 650,000, ni kazi ya maofisa wengi, fomu nyingi na pikipiki nyingi. Benki inaona gharama ya kumfuatilia mteja mmoja inakula riba yote. Siwachukii kwa hilo, mimi mwenyewe ningekuwa ofisa mikopo ningefikiria mara mbili.

Kwa upande mwingine kuna misaada midogo mno. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa unauza mitungi ya kilo 6 kwa nusu bei kupitia ruzuku. Kwa nyumba ya watu wanne ni mkombozi. Mpe mama lishe mtungi wa kilo 6 asubuhi, uone kama maharage yataiva kabla haujaisha.

Katikati hapo, kati ya ruzuku ya mtungi mdogo na hatifungani ya mabilioni, ndipo walipo wafanyabiashara karibu wote unaowafahamu. Mama lishe, muuza chipsi, fundi wa kuchomelea, dobi, mwenye kiwanda cha mikate chenye tanuri la kuni. Hakuna aliyewajengea daraja.

Naam, kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba kabisa, na ni sheria. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya matatizo mengi ya usimamizi na kurudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Mama aliijaribu zamani. Waliunda kikundi, katiba wakaandika, mhuri wakachonga, mmoja akahamia kwa mwanawe mkoani, kikundi kikavunjika kabla hela haijatoka. Mimi naona kikundi ni kitu kizuri kwa wafugaji wa kuku wanaofuga banda moja. Jiko la mtu mmoja halipikiwi na kikundi. Siku moja mwenzako akishindwa kulipa, wewe uliyelipa unageuka kuwa mdaiwa wake, na urafiki wa miaka kumi unaisha kwa sababu ya mtungi.

Nigeukie kidogo ubunifu, maana najua wenzetu wa uhandisi watasema jibu ni teknolojia. Tunayo teknolojia. KopaGas ilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam: unapewa mtungi na jiko bila kununua, kwenye mtungi kuna mita janja, unalipia gesi kidogo kidogo kwa simu kama unavyonunua bando. Hilo ndilo jibu la tatizo la mama kwa asilimia tisini, kwa sababu linaondoa ile 650,000 ya mwanzo. Mwaka 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na Circle Gas, kampuni ya Uingereza, kwa dola milioni 25, na ikawa msingi wa huduma ya M-Gas kule Kenya. Sina kinyongo na Wakenya. Nauliza tu kwa nini wazo lililoanzia Dar lilipata hela yake kubwa kutoka mbali hivyo. Nadhani jibu ni lile lile la mama, kwa ngazi ya juu: hapa hela ya kujaribu kitu ipo kidogo, hela ya kukikuza ni ngumu.

Tunaliona kila mwaka. Tangu 2019 kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Mtu anashinda, anapiga picha na waziri, anarudi. Kuna jamaa hapa hapa chuoni mwenye jiko la mkaa mbadala wa pumba na vumbi la mbao, linafanya kazi, nimeliona likiwaka. Liko chini ya kitanda chake. Alipata hela ya kutengeneza la kwanza. Hela ya kutengeneza hamsini za kwanza na kuziuza hakuna anayeitoa, kwa sababu kila anakokwenda anaulizwa mauzo ya miaka miwili iliyopita. Miaka miwili iliyopita alikuwa mwaka wa kwanza, anatafuta chumba.

Na umeme? Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, kwa hiyo hoja ya zamani kwamba umeme hautoshi imepungua makali. Maharage kwenye jiko la presha la umeme yanaiva haraka na kwa uniti chache. Mama angeweza kuweka maharage na nyama kwenye umeme, wali ukabaki kwenye gesi, na ile nafuu nyembamba ikanenepa kidogo. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Kama kodi inaweza kukusanywa shilingi kwa shilingi kila mtu anaponunua umeme, marejesho ya jiko yanashindwaje kupita humo humo, bila kikundi na bila mtu wa kuja kubeba godoro?

Haya yote ni ya Serikali na benki, na bunge letu la wanafunzi haliwezi kuamuru Benki Kuu. Sasa nije kwenye kile tunachokiweza, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike.

Nilipomuuliza mama kwa nini benki ya kawaida ilimkatalia, sababu ya kwanza haikuwa dhamana. Ofisa alimuuliza, "Biashara yako iko wapi na utakuwepo mpaka lini?" Akajibu chuoni, miaka tisa sasa. Akaombwa karatasi. Karatasi hana. Analipia eneo mwezi kwa mwezi, anapewa risiti, na mwezi ujao anaweza kuambiwa ahame. Miaka tisa ya kulisha wanafunzi, kwenye macho ya benki ni sawa na siku thelathini.

Hapo ndipo chuo kinaweza kusaidia bila kutoa hata shilingi. Kimpe mkataba wa maandishi wa miaka miwili wa eneo lake, wenye jina lake na namba ya eneo, kwa sharti kwamba ndani ya miezi sita awe ameacha mkaa. Asipoacha, mkataba unavunjika. Mkopo wa miezi 24 unahitaji mtu anayejulikana atakuwepo miezi 24. Uongozi unasema hauwezi kuwafunga mikono waliopo, kwa kuwa huenda ukaja kutangaza zabuni ya mgahawa mkubwa. Naelewa. Lakini basi tuseme wazi kwamba tangazo lile ni la kuandaa zabuni, tusilivalishe nguo ya mazingira. Mwenye mgahawa mkubwa ana hati ya nyumba, atakopa wiki hiyo hiyo, atafunga gesi, na sahani itakuwa 3,500. Hela ya chakula na malazi kwenye mkopo wetu wa elimu ilipanda kutoka 8,500 kwa siku hadi 10,000 mwaka 2022. Fanya hesabu ya milo miwili na vocha, halafu uniambie imebaki ngapi. Na mwenye mgahawa hana daftari la bluu.

Nilipokuwa BTP mwaka jana, shule niliyopangiwa ilikuwa ya bweni na ilikuwa imepokea agizo la kuacha kuni. Mkuu wa shule alikuwa na nia kabisa, majiko mapya alikuwa ameshapigia bei. Mzabuni wa gesi alitaka alipwe kila anapoleta. Yule wa kuni alikuwa anakubali kusubiri hata miezi mitatu, kwa sababu amezoea hela za shule zinavyochelewa. Nilipoondoka kuni bado zilikuwa zinashushwa, na mwenye lori alikuwa ananiuliza mimi, mwalimu wa mazoezi, kama Serikali ina mpango wowote na watu kama yeye wakishaacha kuuza kuni. Sikuwa na la kumjibu. Lori alikuwa bado analilipia.

Kwa hiyo ombi langu kwa wawakilishi ni dogo. Msipitishe tangazo lile kama lilivyo. Pitisheni pamoja na sharti la mikataba ya miaka miwili kwa waliopo, miezi sita ya kuhama badala ya "semesta ijayo", na barua moja ya serikali ya wanafunzi kwenda kwenye benki mbili tatu zenye matawi hapa mjini, tuwaulize kwa riba gani na kwa muda gani wako tayari kumkopesha mfanyabiashara mwenye mkataba huo na wateja mia kwa siku. Wakikataa wote, tutakuwa na majibu yao kwa maandishi, na hayo tutayapeleka mbele zaidi ya hapa. Wafanyabiashara wenyewe waalikwe kikaoni. Kuna wawakilishi wanasema mama lishe hawawezi kuingia ukumbini kwa sababu si wanajumuiya. Wametulisha wote mpaka tukachaguana, bora wakae hata viti vya nyuma.

Mwakilishi wa kitivo chetu nimeshampa karatasi ya hesabu, ile ya 77,000 na ile ya 32,500. Amesema ataisoma. Kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo saa kumi jioni, na wageni wanaruhusiwa. Mama naye amenituma swali moja: mkataba ukitoka, uandikwe jina lake la NIDA au hili tunalomwita sisi, maana la NIDA hapa chuoni hakuna anayelijua.